Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Masomo ya Mwanzo ya Biolojia, Tanga (Urithi, Bakteria na Chimbuko la Binadamu)

Kila kundi jipya linapoanza, maswali ni yale yale. Mengine huulizwa darasani, mengine nikiwa juu ya baiskeli barabarani, na mengine huja kwa simu usiku kutoka kwa mtu anayeona haya kuyasema mbele za watu. Nimeyaweka hapa kama yalivyoulizwa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu swali lenyewe limebeba machungu ya nyumba nzima.

Mwalimu, urithi, bakteria na mtu wa kale vinahusiana nini hata viwe somo moja?

Vinahusiana sana. Kila kilicho hai kina maandishi ndani ya seli zake, yaani DNA, na kila seli inapogawanyika maandishi hayo hunakiliwa. Anayenakili kutwa kucha hakosi kukosea, herufi moja hapa, nyingine pale. Makosa mengi hayana madhara wala faida. Machache huumiza, na machache mno humsaidia aliyeyabeba. Kosa likishuka kutoka kwa wazazi hadi kwa mtoto, tunalisoma kwenye urithi. Likimwezesha bakteria kunusurika dawa, tunaliita usugu. Yakirundikana kizazi juu ya kizazi kwa muda mrefu kupita kiasi, tunapata mageuko ya viumbe. Jambo ni hilo hilo moja, ila mwendo ndio unatofautiana: kwa bakteria hutosha usiku mmoja, kwa familia vizazi viwili vitatu, kwa binadamu malaki ya miaka. Ukilishika kwenye njegere, utalitambua mwenyewe ukilikuta kwenye fuvu la Olduvai.

Niliishia darasa la saba. Nitaelewa?

Utaelewa. Tunafundisha kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Wanafunzi wa sekondari tunawaandikia pembeni mwa ubao maneno ya Kiingereza watakayokutana nayo kwenye mtihani, lakini hakuna anayedaiwa kuyajua ili afuate somo. Wanafunzi wangu wawili walioshika haraka kuliko wote somo la urithi walikuwa mama mfuga ng'ombe na fundi bustani. Walishaliona kwa macho miaka mingi, wakawa wanangoja majina tu.

Jeni ni kitu cha kuonekana au ni maneno ya vitabuni?

DNA yenyewe utaiona kwa macho yako siku ya pili, kwenye bilauri. Tunaponda ndizi mbivu kwa uma mpaka iwe uji, tunatia maji yenye chumvi kidogo na sabuni ya kuoshea vyombo, tunakoroga taratibu pasipo kutoa povu, kisha tunachuja kwa kitambaa. Halafu tunainamisha bilauri na kumimina spiriti iliyolala kwenye friji, iteremke polepole ubavuni na kukaa juu. Subiri dakika tano. Pale spiriti inapokutana na maji ya ndizi panapanda utando mweupe wenye nyuzi nyuzi, kama tui linapoanza kukatika. Unaweza kuuzungusha kwenye kijiti cha mshikaki ukauinua. Hiyo ni DNA ya mamilioni ya seli imeshikana. Sabuni imeyeyusha ngozi za seli, chumvi imezifanya nyuzi zishikane, na kwa kuwa DNA haiyeyuki ndani ya spiriti, inajitokeza.

Jeni ni kipande cha uzi huo chenye maagizo ya kutengeneza kitu fulani mwilini, mara nyingi protini. Binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000, zimepangwa kwenye kromosomu 46, yaani vifurushi vya uzi huo, nusu kwa mama na nusu kwa baba. Ukihesabu herufi za seti moja ya kromosomu unapata kama bilioni 3.

Aliyegundua kwamba sifa hurithiwa kwa vipande visivyochanganyika kama maziwa na chai ni mtawa Gregor Mendel, katika bustani ya njegere mjini Brno. Alichavusha mimea yenye punje za mviringo na ile ya punje zenye mikunjo, na watoto wote wakatoka wa mviringo. Alipowaacha watoto hao wazaane, mikunjo ikarudi: punje 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, karibu sana na tatu kwa moja. Mikunjo haikuwa imepotea, ilikuwa imejificha. Alichapisha matokeo mwaka 1866, watu wakayapuuza hadi mwaka 1900, na yeye alikuwa amefariki tangu 1884.

Kwa nini mnatupeleka kwenye mkonge badala ya kitabu?

Kwa sababu mkoa huu ni maabara tosha. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika huku ikiwa hai ni 62. Zao lililojenga reli, bandari na nusu ya mitaa yetu lilianzia kwenye mimea hiyo michache.

Sasa simama shambani uutazame mkonge uliotoa mlingoti. Maua yakishadondoka, pale juu kwenye matawi ya mlingoti hujitokeza vitoto, miche midogo yenye majani yake tayari, inayoanguka na kuota. Kitoto hakina baba. Ni mama yule yule tena, herufi kwa herufi, isipokuwa pale palipotokea kosa la kunakili. Shamba zima laweza kuwa kama mmea mmoja uliorudiwa mara elfu. Faida yake mkulima anajua atavuna nini. Hasara yake ni kwamba ugonjwa unaouweza mmoja unaiweza yote.

Ndipo unapoona kazi waliyoifanya watafiti wa Mlingano, hapo Muheza. Walichanganya mkonge wa aina ya Amani na jamaa yake mwingine, wakarudisha chotara kwa aina ile ya Amani, wakachagua, wakachagua tena, hadi wakapata chotara aliyeitwa 11648. Mkonge wa kawaida hutoa majani mia mbili na kitu maishani mwake. Chotara huyu hutoa zaidi ya 600.

Na machungwa ya Muheza ya kubebesha ni somo lile lile. Chini shina la mlimau, juu kikonyo cha mchungwa. Maji na chumvi za udongo hupita kutoka chini kwenda juu, lakini hujawahi kuona tawi la juu likazaa malimau, kwa sababu kila seli imebaki na maandishi yake.

Nimezaa mabinti watano. Ni mimi nina kasoro?

Hapana, mama. Swali hili nimeulizwa na wanawake waliokwisha kuachwa kwa sababu hiyo, na wengine walioletewa mke mwenza, kwa hiyo nalijibu wazi. Katika kromosomu za jinsia mwanamke ana X mbili. Yai lake, liwe lipi, lina X. Mwanamume ana X moja na Y moja, na mbegu zake karibu nusu zina X na nusu zina Y. Ikitangulia yenye X anapatikana binti, ikitangulia yenye Y anapatikana mvulana. Mama hana Y ya kutoa.

Wala si kosa la baba. Hakuna anayeamua mbegu ipi ifike kwanza. Mimba ya sita haikumbuki tano zilizopita: nafasi ni karibu nusu kwa nusu, kama shilingi iliyorushwa upya. Siku ya somo hili nawasihi wanaume waje.

Selimundu inatoka wapi, ikiwa mimi na mume wangu ni wazima?

Mpwa wangu alianza kuvimba vidole vya mikono na miguu akiwa na miezi minane. Alilia usiku kucha. Jirani akasema mtoto amechezewa. Kituo cha kwanza tulichompeleka kilimpa dawa ya malaria mara tatu bila kumpima damu. Alipopimwa hatimaye na kukutwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, alikuwa na mwaka na nusu, na dada yangu alishamaliza akiba yake yote kwa waganga.

Chanzo ni herufi moja. Kwenye jeni inayotengeneza sehemu ya himoglobini, ile inayobeba hewa ndani ya chembe nyekundu, herufi moja imebadilika, na kwa hiyo kiungo kimoja cha protini kimebadilika. Himoglobini hiyo ikikosa oksijeni hushikamana na kuwa kama vijiti, chembe inajikunja kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu. Mtoto huzaliwa akiwa na himoglobini ya uchanga inayomkinga, ndiyo maana dalili hujitokeza baada ya miezi kadhaa na watu wakadhani kuna jambo limempata.

Mwenye nakala moja nzima na moja ya mundu tunamwandika AS. Kwa kawaida haumwi, na anaweza kuishi hadi uzeeni bila kujua. AS wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto SS ambaye ataugua, mbili kati ya nne za AS, na moja kati ya nne ya AA. Kila mimba, si kila watoto wanne. Nimeona familia yenye wagonjwa watatu mfululizo na nyingine haina hata mmoja.

Mbona basi jeni yenye madhara hivi imekuwa nyingi kwetu? Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha, kwa utafiti wa Afrika Mashariki, kwamba mtu wa AS hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Katika nchi ya mbu, kwa maelfu ya miaka, watoto wa AS walinusurika zaidi ya AA walioondoka na malaria na zaidi ya SS walioondoka na selimundu. Jeni ikabaki. Hapa ndipo urithi na mageuko yanapokutana ndani ya nyumba moja. Haikuwa laana ya ukoo. Kwa mababu zetu ilikuwa ngao, na bei yake ililipwa na baadhi ya watoto.

Wanaotaka kuoana, pimeni. Kama ninyi ni AS wote wawili, uamuzi ni wenu, lakini mtoto akizaliwa apimwe mapema na aanze kliniki. Mpwa wangu sasa yuko kidato cha pili.

Kundi la damu linaweza kunithibitishia mtoto ni wangu?

Linaweza kutia shaka tu, haliwezi kuthibitisha. Wazazi wa O wote wawili kwa kawaida hawapati mtoto wa A wala B. Lakini baba wa A na mama wa B wanaweza kupata A, B, AB hata O, wakiwa wamebeba O iliyojificha. Nyumba zimevunjika hapa kwa hesabu isiyojulikana vizuri. Anayehitaji uhakika apime DNA kwa utaratibu wa kisheria.

Bakteria si ndio vijidudu vya magonjwa? Mbona mnatuambia tule?

Mnawala tayari. Maziwa mgando unayonunua asubuhi yameganda kwa kazi yao: wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi, asidi inagandisha protini, na ule uchachu unawazuia wabaya wasiote. Mwilini mwako mna bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, idadi isiyo mbali na ya seli zako mwenyewe, wengi wakiwa kwenye utumbo mpana. Wanasaga visivyosagika na kukutengenezea baadhi ya vitamini.

Kuwaona tunatumia hadubini yenye kioo cha kukuza mara 1,000, pamoja na dawa ambayo kila mama wa hapa anaijua, GV, ile ya zambarau ya kupaka vidonda vya mdomoni. Tunachukua tone dogo la maziwa mgando, tunalitandaza kwenye kioo, likikauka tunalipitisha juu ya moto, tunadondosha GV, tunasuuza. Mdenmaki Hans Christian Gram alianza na rangi ya jamii hii mwaka 1884: wenye ukuta mnene hubaki na zambarau hata wakioshwa kwa spiriti, wengine huipoteza. Hadi leo daktari akitaka kujua atumie dawa gani, mara nyingi maabara huanza na kipimo hicho. Mwanafunzi mmoja alipoinua jicho kwenye hadubini alisema, "Kumbe vijiti vidogo dogo, kama njiti za kiberiti." Ndivyo walivyo.

Kiporo cha wali nikikipasha moto vizuri kina ubaya gani?

Kikikaa mezani tangu saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na bakteria mmoja akapata joto letu la Tanga na kugawanyika kila baada ya dakika 20, anakuwa 2,097,152. Kuna mmoja wa kwenye mchele ambaye mbegu zake ngumu hazifi kwa kupika, na sumu anayoiacha haiharibiki kwa kupasha. Kiporo ni kitamu, lakini kihifadhiwe kwenye baridi mapema.

Amoksisilini hainisaidii tena. Mwili wangu umeizoea?

Mwili wako haujazoea kitu. Waliobadilika ni bakteria, na hili ndilo jibu ningependa libandikwe kwenye kila duka la dawa.

Chukua bakteria milioni mia kwenye kidonda. Kati yao, kwa makosa ya kunakili, wachache wana kitu kinachovunja dawa au kuitema nje. Hawakufundishwa na dawa, walikuwepo kabla hujaimeza. Dawa inawaua wenzao, wao wanabaki na uwanja mtupu, wanazaliana. Zaidi ya hapo bakteria wana jambo ambalo sisi hatuna: mmoja anaweza kumpa jirani kipande cha DNA chenye maagizo ya usugu, hata kama si wa aina yake.

Kwa hiyo mtu anayenunua vidonge vya rangi mbili vinne kwa ajili ya mafua anafanya makosa mawili. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haigusi virusi. Halafu amewapalilia sugu walioko tumboni mwake. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya juu ya jambo hili hasa, dozi pungufu zinazowafuga sugu. Tumia dawa uliyoandikiwa, kwa kiasi na siku ulizoandikiwa. Kwa kifua kikuu matibabu ya kawaida ni miezi sita, hata kama kikohozi kimekwisha mwezi wa pili.

Malaria ni bakteria au virusi?

Si hiki wala kile. Ni kimelea cha seli moja kiitwacho plasmodiamu, na seli yake imejengeka karibu zaidi na yako kuliko na ya bakteria.

Mnafundisha kwamba binadamu ametokana na nyani?

Hatufundishi hivyo, na wanasayansi hawasemi hivyo. Nyani unayemkuta akiiba mahindi si babu yako, wala sokwe wa Gombe si babu yako. Sokwe ni kama binamu: mimi na yeye tuna babu mmoja aliyeishi miaka ipatayo milioni 6 au 7 iliyopita, ambaye hakuwa sokwe wa leo wala mtu. Ukilinganisha DNA yetu na yake herufi kwa herufi, katika sehemu zinazolingana tofauti ni kama herufi moja na kidogo kwa kila mia.

Ushahidi mkubwa uko nchini mwetu. Mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai, lenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.75. Mwaka 1978 kundi lake lilifukua nyayo za Laetoli zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita, kisigino, upinde, kidole gumba kimeelekea mbele. Ubongo wa waliozikanyaga ulikuwa mdogo kama wa sokwe, lakini walitembea kwa miguu miwili. Mifupa ya zamani kabisa ya aina yetu inayojulikana imepatikana Moroko, na ina miaka kama 300,000.

Wengi hushindwa na urefu wa muda. Tunawapeleka mapango ya Amboni. Chokaa ile ilitandazwa chini ya bahari yapata miaka milioni 150 iliyopita, zama za dinosaria. Tuseme ilianza saa 24 kamili zilizopita. Nyayo za Laetoli zitakuwa na dakika 35. Binadamu wa aina yetu atakuwa na dakika tatu pungufu kidogo.

Somo hili halitaniharibia imani ya mwanangu?

Naheshimu swali hili, na mzazi anayeliuliza anafanya kazi yake. Darasani naonyesha mifupa, tabaka za mawe na DNA vinasema nini, na jinsi tunavyojua. Simuulizi mtoto anaamini nini, wala sijibu maswali yasiyo ya fani yangu. Wamo waliotoka hapa wakienda swala ya magharibi, wamo wa kwaya. Ukipenda, njoo ukae nyuma usikilize. Wazazi kadhaa wamefanya hivyo.

Silikanti wanaonaswa Tanga ndio babu zetu?

Silikanti ni samaki aliyedhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria, mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu wavuvi walianza kuwanasa mwaka 2003, na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mapezi yake yana nyama na mifupa kama shina la mkono. Lakini si babu. Ni jamaa wa ukoo uliotoa wanyama wa miguu minne, na kamongo, samaki mwenye mapafu, yuko karibu nasi zaidi yake.

DNA inaweza kuniambia Waswahili tumetoka wapi?

Inaweza kusema kiasi. Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya miaka ya 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya kale ya pwani, Kilwa na Songo Mnara ikiwemo. Kwa wengi wao upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika karibu wote. Upande wa baba ulitoka kwa sehemu kubwa Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Makaburi mengi yale ni ya watu wa hali ya juu, kwa hiyo usiyachukue kama cheti cha kila Mswahili. Lakini bibi zetu wako pale, wazi.

Upande wa mama tunaujuaje? Ndani ya seli mna mitokondria, vyumba vya kutengeneza nguvu, vyenye DNA yao wenyewe, na mtoto huvipata kwa mama tu. Asili ya mitokondria ni bakteria aliyeingia ndani ya seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita asitoke tena, hoja iliyotetewa na Lynn Margulis mwaka 1967 wakati wengi wakimkatalia. Kwa hiyo anayefuata nasaba ya bibi yake anasoma maandishi ya bakteria.

Siku ya kwanza nije na nini?

Daftari, kalamu, na ndizi moja iliyoiva sana, hata kama ganda limeanza kuwa jeusi. Spiriti tunayo.